Vidole Thenashara

Utumbo mwembamba wa binadamu umegawanyika sehemu tatu, na kwa Kihispania sehemu hizo huitwa duodeno, yeyuno na íleon. Hilo jina la kwanza ndilo lililonitia hamu ya lugha ya tiba. Asili yake ni hesabu. Herophilus, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Iskandaria, Misri, karibu miaka 300 kabla ya Kristo, alipasua maiti ili aone kwa macho yake kilichomo ndani ya mwili. Alipofika mahali utumbo unapoanzia, alipima kwa vidole, akakuta kipande kile kina urefu wa vidole kumi na viwili vikilazwa sambamba. Akakiita dodekadaktylon, yaani vidole kumi na viwili. Waarabu walipotafsiri vitabu vya Wagiriki wakaandika ithna ashar. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Hispania, Gerard wa Cremona akakigeuza kitabu cha Kanuni cha Ibn Sina kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, na huko likapatikana jina duodenum. Wahispania hawakuhitaji kulibadilisha sana.

Haya niliyasikia Kuba, katika chumba cha anatomia kilichojaa harufu ya formalini, kutoka kwa profesa mmoja mfupi mwenye mvi ambaye kila akifika kwenye jina la kiungo alisimamisha somo. Siku ile alilaza vidole vinne juu ya utumbo, akavisogeza, akavilaza tena, akavisogeza mara ya tatu. "Doce," akasema. Kumi na mbili. Wenzangu wa Honduras, Bolivia na Haiti wakaandika. Mimi kalamu ilinisimama mkononi, maana kabla ya kutaja Kilatini profesa alikuwa amekitaja Kiarabu, na neno lile nililijua tangu utotoni Unguja. Bibi yangu hakuwa na saa kumi na mbili katika maisha yake. Magharibi ilipokaribia alituita ndani kwa kutuambia kwamba ni saa thenashara.

Nilikuwa nimefika Kuba na Kihispania cha salamu tu. Skuli yetu, Escuela Latinoamericana de Medicina, iko magharibi ya Havana, ukingoni mwa bahari, katika majengo yaliyokuwa zamani chuo cha wanamaji. Ilifunguliwa mwaka 1999, baada ya vimbunga Georges na Mitch vya mwaka 1998 kuziharibu nchi za Karibi na Amerika ya Kati, ikapokea vijana wa huko na baadaye wa kwetu Afrika. Sisi tusiojua lugha tulianza na masomo ya Kihispania kabla ya kufikia kitabu cha fiziolojia. Nilidhani mzigo mzito utakuwa majina ya kitabibu, lakini mambo yakawa kinyume. Gastritis, hepatitis, anemia, diabetes, yote niliyatambua papo hapo, kwa kuwa biolojia ya kidato cha sita nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza, na Kiingereza kimeyachukua majina hayo hukohuko kwa Wagiriki na Warumi. Yaliyonitoa jasho ni maneno mafupi ya wagonjwa: hígado, riñón, ombligo, muslo, tos. Daktari akisema nefritis mimi nimeshafika. Mzee akisema anaumwa na riñón, bado nahangaika kujua kama ni figo, mgongo au mbavu.

Mwalimu wetu wa lugha, mama wa makamo kutoka Matanzas, ndiye aliyenieleza kwa nini iko hivyo. Kihispania, alisema, kimepata maneno ya mwili kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mdomo. Majeshi ya Warumi yaliingia Hispania mwaka 218 kabla ya Kristo, nyuma yao wakaja wakulima na wafanyabiashara, na Kilatini chao kikasemwa jikoni, shambani na sokoni, mama akimrithisha mwana, mpaka maneno yakalika kama sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi. Oculum, jicho, likawa ojo. Auricula, sikio, likawa oreja. Lacte, maziwa, yakawa leche, na pectus, kifua, kikawa pecho. Njia ya pili ni ya kalamu. Karne nyingi baadaye wasomi walifungua vitabu vya kale, wakatoa maneno mazima ambayo hayakuwahi kupita mdomoni mwa mkulima, wakayatia katika Kihispania yakiwa yanang'aa: ocular, auricular, lácteo, pectoral. Kilatini kisipowatosha wakaenda kwa Wagiriki, wakaleta oftalmología kwa tiba ya macho, odontología kwa meno, hematología kwa damu. Ndiyo maana mgonjwa wa Kihispania huumwa na ojo, ugonjwa wake huandikwa ni ocular, na hupelekwa kwa oftalmólogo.

Alituandikia kanuni ubaoni. Cul ya Kilatini ikikaa katikati ya neno hugeuka j. Ct hugeuka ch. F ya mwanzoni mara nyingi huwa h, na h yenyewe haitamkwi. Kwa kanuni hizo tatu nilianza kuona kwamba neno la mgonjwa na neno la kitabu ni ndugu wa baba mmoja, mmoja amelelewa shamba na mwingine amelelewa maktabani. Tangu siku hiyo sikulidharau tena neno la mtu aliyeketi mbele yangu kwa kuwa tu halimo katika faharasa ya kitabu. Mara nyingi ndilo lenye umri mkubwa zaidi katika lugha ile.

Hígado, ini, ndilo nililolipenda kuliko yote. Warumi walikuwa wakiwalisha mifugo tini ili maini yao yawe makubwa na laini, na chakula hicho wakakiita iecur ficatum. Iecur ndilo ini. Ficatum inatokana na tini. Miaka ilivyokwenda watu walilidondosha ini wakabaki na tini. F ikageuka h, na neno la jikoni likawa jina la kiungo. Wagiriki wa leo nao husema sykoti, ambalo pia limetoka kwenye tini. Wote wawili, Mgiriki na Mhispania, wakilitaja ini wanataja tunda bila kujua. Daktari peke yake amebaki na neno la kale la Kigiriki, hepar, na kwa hilo akapata hepático na hepatomegalia. Goti nalo ni rodilla, kigurudumu, na mfupa wake wa mbele ni rótula, neno lilelile la kigurudumu ila hilo limekuja kwa njia ya kitabu. Sisi tunasema pia ya goti. Aliyeliita hivyo aliona kitu cha mviringo kinachocheza chini ya ngozi, na naamini Mrumi aliona hichohicho.

Kwa nini basi madaktari wameshikilia Kigiriki namna hii, hata Warumi wenyewe waliokuwa watawala wa Wagiriki? Sababu moja inajulikana na wote: vitabu vikubwa vya tiba viliandikwa kwa Kigiriki, kuanzia maandishi yanayohusishwa na Hippocrates wa Kos mpaka kwa Galen wa Pergamon, ambaye alifanya kazi Roma yenyewe na bado akaandika kwa Kigiriki. Sababu ya pili niliipata kwa Celsus. Huyu aliandika De medicina kwa Kilatini katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na alipofika kwenye magonjwa ya sehemu za siri alitua kwanza kueleza shida yake. Majina ya Kigiriki, alisema, yanavumilika na yamekwishazoeleka kwa madaktari. Yale ya Kilatini ni machafu mno kutamkwa na mtu mwenye haya. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa hilo. Kwetu mtu mzima hamtajii daktari jina lenyewe, husema "huku chini", na daktari mwenye adabu humwelewa. Mabibi wa Kuba nao walisema mis partes, sehemu zangu. Kigiriki kimekuwa kanga ya madaktari kwa miaka elfu mbili.

Sitara ni jambo jema. Lakini nimeona pia neno la Kigiriki likitumika kumficha mgonjwa habari yake mwenyewe, na hilo silikubali mpaka leo. Nilipokuwa nafanya mafunzo wodini, katika hospitali moja ya mkoa, alilazwa mzee aliyekuwa mkata miwa kabla ya kustaafu. Alikuwa na kikohozi cha miezi na mabega yaliyobaki mifupa. Kwenye mzunguko wa asubuhi daktari alisimama miguuni pa kitanda, akasoma picha ya kifua, akatuambia wanafunzi: "Neoplasia de pulmón." Kisha kundi likahamia kitanda cha pili. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima kama mtu aliyeelewa. Nilipobaki nyuma kumpima presha alinishika mkono, akaniuliza: "Doctora, mwanangu, hiyo neo inatibiwa kwa sindano au kwa vidonge?"

Mchana daktari bingwa wa wodi, mwanamke aliyekaribia kustaafu, alivuta kiti akakaa karibu na mto wa mzee. Alimweleza pole pole. Neo ni kipya. Plasia ni kuumbika. Kuna kitu kipya kimeota katika pafu lako, na kinakula nafasi ya pumzi. Mzee akauliza: "¿Cáncer?" Akajibiwa ndiyo. Akaomba binti yake aliyeko Holguín apigiwe simu siku hiyohiyo, kwa sababu kulikuwa na hati ya nyumba ya kubadilisha jina na hakutaka ndugu waje kugombana. Tulimpigia. Binti alifika kwa basi kesho yake jioni, na mambo ya hati yalikwisha mzee akiwa bado na nguvu za kutia saini. Kwa miezi aliyobakiwa nayo, siku moja ya kutojua ingeweza kumgharimu mengi.

Neno alilolitafuta yule mzee lina safari ndefu kuliko neoplasia. Wagiriki waliuona uvimbe mgumu wenye mishipa iliyotanuka pande zote, wakauita karkinos, kaa. Galen alieleza kwamba mishipa ile inafanana na miguu ya kaa inavyotoka kiwiliwilini mwake. Warumi wakatafsiri kwa neno lao la kaa, cancer, na Wahispania wakalichukua likabaki cáncer. Kaa wa baharini wanamwita cangrejo, na jina hilo nalo limetoka kwenye mzizi uleule. Upande wa mashariki, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walikuwa Baghdadi katika karne ya 9 wakitafsiri vitabu vya Galen. Waarabu nao wakatumia jina la kaa kwa lugha yao, saratan. Kutoka kwao sisi tukapata saratani. Kwa hiyo mkata miwa wa Kuba na mvuvi wa Nungwi wanapotaja ugonjwa huu wanamtaja mnyama mmoja, aliyeonwa na macho ya Mgiriki mmoja, ila amewafikia kwa bandari mbili tofauti. Nilipoligundua hili nilihisi kwamba sikwenda ugenini kusoma tiba. Vitabu vya babu zangu wa madrasa na vitabu vya profesa wangu vilikuwa vimeandikwa kwa wino wa chungu kimoja.

Baada ya hapo nilianza kuyatafuta maneno ya namna hii makusudi. Flema, kohozi, ni Kigiriki phlegma kupitia Kilatini. Waarabu walilichukua likawa balgham, nasi tunasema balghamu. Opio ya Kihispania na afyuni yetu zina mzee mmoja, opion. Na Kiarabu chenyewe hakikuwa mbali na Kihispania, maana Waislamu walitawala sehemu za Hispania kwa karibu miaka 800, na tiba ilikuwa miongoni mwa vitu walivyoviacha. Jarabe, dawa ya maji ya watoto, inatokana na sharab, kinywaji. Nuca, kisogo, inatokana na nukha, uti wa mgongo, ambao jina lake lilichanganyika na la jirani yake wa juu. Mbili kati ya tando zinazofunika ubongo huitwa duramadre na piamadre, mama mgumu na mama mpole. Mwanafunzi wa Kihispania hushangaa mama ametokea wapi. Mwarabu ndiye aliyeuita utando wa ubongo umm, na mtafsiri wa Kilatini akamgeuza mater bila kumwacha mama njiani.

Kuna neno moja ambalo Kuba nzima hulitumia kila asubuhi na sikuliona mahali popote likifanya kazi nzuri kama katika foleni ya kliniki. Kliniki ya daktari wa familia, mpango walioanzisha mwaka 1984, ni nyumba ndogo ya mtaani. Mara nyingi daktari huishi ghorofa ya juu na huwajua majirani kwa majina. Siku za kutoa damu watu hujipanga barazani alfajiri, na muuguzi hupita akiuliza kila mmoja: "¿Vino en ayunas?" Umekuja bila kula? Bibi mmoja alikuwa akijibu siku zote kwamba ndiyo, hajatia kitu kinywani, isipokuwa un buchito de café, funda moja la kahawa, na kahawa kwa hesabu yake haikuwa kitu. Muuguzi humrudisha, naye hurudi kesho na jibu lilelile.

En ayunas, kuwa katika hali ya kufunga, ni Kilatini ieiunium kilicholika kwa kusemwa. Yeyuno, sehemu ya pili ya utumbo mwembamba, ni Kilatini hichohicho, ieiunum, kilichochukuliwa kitabuni. Wagiriki waliopasua maiti waliikuta sehemu ile karibu kila mara ni tupu wakaiita nestis, iliyofunga, na Warumi wakafuata. Chai ya asubuhi ni desayuno, kuvunja funga. Nilikuwa nafunga Ramadhani katika mji ambao Waislamu tulihesabika, na wenzangu walipouliza kwa nini siendi mezani niliwajibu kwa neno la kliniki, estoy en ayunas, wakaelewa bila maelezo marefu. Bibi wa kahawa aliposikia alinionea huruma akasema hata mimi kahawa ningeruhusiwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba mizizi ya Kigiriki ni ya kupendezea mazungumzo tu. Kuna mahali inaokoa watu. Hyper ni juu, kuzidi. Hypo ni chini, kupungua. Kwa Kihispania hiperglucemia, sukari kupanda, na hipoglucemia, sukari kushuka, hutofautiana masikioni kwa sauti ndogo sana, na tiba zake zinapingana: mmoja unampa insulini, mwingine unampa glukosi. Katika kelele za chumba cha dharura, kukiwa na feni, redio na mtoto anayelia, sauti hiyo hupotea. Wauguzi wakongwe wa Kuba hawakuiacha ipotee. Walisema neno la Kigiriki kisha wakaongeza la kawaida nyuma yake: hipo, baja, hiper, alta. Desturi hiyo ningependa ifundishwe kila mahali pamoja na namna ya kushika sindano. Wodini kwetu nimeiingiza, kwa Kiswahili: hipo, imeshuka, haipa, imepanda.

Viambishi vyenyewe si vingi. Itis kwa Kigiriki ilikuwa kifungu tu cha "inayohusu", kama nephritis, maradhi yanayohusu figo, na baadaye ikafungwa kwa uvimbe wa moto. Tomía ni kukata, ectomía ni kukata na kuondoa, ostomía ni kutoboa mdomo. Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa mojawapo ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo tatu, na akielezwa kwa lugha yake, kukata, kutoa, kutoboa mdomo, huuliza maswali yaleyale ambayo daktari angeyauliza kuhusu mwili wake mwenyewe. Majina mengine yana makosa ya kale ndani yake na hayajasahihishwa. Wagiriki wa mwanzo walikuta mishipa ya ateri ya maiti ni mitupu wakadhani inapitisha hewa. Bomba la pumzi nalo wakaliita ateri, ile ya kukwaruza, tracheia. Galen alionyesha kwamba ateri zina damu. Jina lilikuwa limeshakwenda, na mpaka leo Mhispania anapumua kwa tráquea, yaani "ya kukwaruza", kivumishi kilichobaki baada ya nomino yake kuondoka.

Katika maktaba ya Havana nilisoma habari za watu wawili ambao nawaheshimu sana. Andrés Laguna, tabibu wa Segovia, alitafsiri kitabu cha dawa cha Dioscorides kwa Kihispania, kikachapwa Antwerp mwaka 1555. Mwaka uliofuata Juan Valverde de Amusco alichapisha Roma kitabu cha anatomia, Historia de la composición del cuerpo humano, kwa Kihispania pia. Vesalius alikuwa ametoa kitabu chake kikubwa miaka 13 nyuma, mwaka 1543, kwa Kilatini kizito. Valverde aliona kwamba wapasuaji wa Hispania, wale wenye kisu mkononi, Kilatini chao ni kidogo, na kwamba elimu ikibaki kwa wasomi wa chuo wagonjwa wataendelea kukatwa na watu wasioisoma. Akawaandikia. Ilimbidi achague kwa kila kiungo: nitumie neno la kijijini, niazime la Kilatini, au niyaweke yote mawili? Mara nyingi aliweka yote mawili, na hapo ndipo Kihispania cha tiba kilipopata miguu ya kusimamia.

Sisi tunafanya kazi ileile sasa hivi, katika kila wodi kuanzia Mnazi Mmoja hadi Muhimbili, lakini tunaifanya kwa mdomo na hatuiandiki. Muuguzi wa Temeke amekwishapata namna nzuri ya kumweleza mama kifafa cha mimba; ya Tanga ni nyingine; zote mbili zinapotea zamu ikiisha. Ningekuwa na uwezo ningewapa wauguzi madaftari ya kuyaandika maneno hayo kabla ya kuwauliza maprofesa. Nina mfano. Kichwa kinachouma upande mmoja, Wagiriki waliita hemikrania, nusu fuvu, na kwa kulika ikawa migraña. Waarabu wakasema shaqiqa, na Wahispania wakalichukua hilo pia, jaqueca, ambalo ndilo lililo mdomoni mwa watu wa kawaida. Kwetu mtu husema kipandauso. Daktari kijana aliyekuwa nami zamu alilipita neno hilo akaandika "maumivu ya kichwa". Nilimwomba arudi amuulize mgonjwa: kinapanda kutoka wapi, upande upi, macho yanavumilia mwanga? Mgonjwa alikuwa na majibu yote, tena kwa mpangilio. Neno lake lilikuwa limebeba mwendo wa ugonjwa ambao "maumivu ya kichwa" haliubebi.

Maneno ya wagonjwa pia hupanda ngazi yakafika vitabuni, na mawili kati ya yaliyopanda yanatuhusu. Kuba tulitumwa mitaani tukiwa bado wanafunzi, kupiga hodi nyumba kwa nyumba: nani ana homa, nani ana vipele, tenki la maji juu ya paa limefunikwa? Mbu aliyetafutwa ni Aedes aegypti, na aedes ni Kigiriki, maana yake asiyependeza. Mwaka 1881 daktari wa Havana, Carlos Finlay, alitangaza kwamba mbu ndiye anayeeneza homa ya manjano, na dunia ilichukua miaka 20 kumwamini. Miaka 100 baada ya tangazo lake, mwaka 1981, Wakuba zaidi ya 344,000 waliugua dengue, wakafa 158, wengi wao watoto. Kila mtu mzima niliyemgongea mlango alikuwa na kumbukumbu ya mwaka ule.

Jina dengue lilienea Karibi katika mlipuko wa mwaka 1827 na 1828. Kihispania kilikuwa na dengue ya zamani, yenye maana ya madeko na mikogo, na mgonjwa anayetembea kwa maungo yaliyokakamaa anaweza kuonekana ana mikogo. Wapo wataalamu wanaosema neno lilifika na watumwa kutoka pwani yetu, likakutana na lile la Kihispania, likavaa nguo yake. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa Unguja mlipuko wa mwaka 1870 ulipotokea, aliandika mwaka 1872 kwamba wenyeji wanaiita homa ile kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka tangu karibu mwaka 1823. Wataalamu bado wanabishana juu ya asili ya neno, na hata juu ya ugonjwa aliouona Christie. Wapo wanaosema ulikuwa mwingine kabisa.

Huo mwingine hauna ubishi wa jina. Mwaka 1952 na 1953 homa ya maungo ilizuka katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na wagonjwa walioinama kwa maumivu waliwaambia madaktari neno lao la Kimakonde linalotokana na kujikunja. Madaktari hawakutafuta Kigiriki. Waliandika chikungunya. Mwishoni mwa mwaka 2013 ugonjwa huo ulifika visiwa vya Karibi, na mwaka uliofuata mwenzangu wa darasa, sasa daktari katika Jamhuri ya Dominika, alinitumia ujumbe kuniuliza jina lile linatamkwaje kwao Wamakonde, kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wakilitamka kwa namna kumi. Nilimtumia sauti ya jirani yetu mzaliwa wa Newala akilitaja. Akanijibu kwa mstari alioutoa katika faili la siku hiyo: fiebre, ambayo ni Kilatini, artralgia, ambayo ni Kigiriki, chikunguña.